Machungwa ya Mombasa, vidonge vya Bunia: historia ya vitamini C, tumbo na unene

NYANKUNDE – Swali la leo nililipata hapa sokoni Nyankunde, kwa mama mmoja aliyepanda kutoka Bunia kuja kuangalia kiwanja chake. Yuko kambini kwa miaka sasa. Alifungua mkoba wake akanionyesha kopo refu la vidonge vya vitamini C, vile vinavyotiwa ndani ya glasi ya maji vikatoa povu. Aliyemuuzia alimwambia vinasafisha matumbo na kukata mafuta mwilini.

“Mwanangu,” akaniuliza, “ni kweli? Maana tangu nitoke kijijini mwili umeongezeka, na choo nakipata kwa shida.”

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililomuuma zaidi. Akipita kambini watu husema: huyu mkimbizi gani mnene hivi, msaada wote unamalizikia kwake. Ndiyo maana alinunua vidonge. Hakununua kwa ajili ya tumbo peke yake; alinunua kwa ajili ya aibu.

Mimi si muganga. Nilimwambia apite kituo cha afya apimwe presha na sukari, na nikamwahidi kuitafuta historia ya kidonge chake. Nilidhani ingekuwa historia ya Wazungu na maabara zao. Kumbe inapita pwani ya Waswahili, inapita katika makambi ya wakimbizi wa Somalia na Sudan, inapita Kampala, na inafika hadi Arua, hapo ng'ambo tu ya mpaka wa Aru.

Tuanze baharini. Mwezi wa saba mwaka 1497 Vasco da Gama aliondoka Lisbon, Ureno, akitafuta njia ya kwenda India kwa kuizunguka Afrika. Mabaharia wake waliishi miezi kwa mikate mikavu na nyama ya chumvi. Mwezi wa kwanza mwaka 1498, wakiwa wametia nanga kwenye mlango wa mto karibu na Quelimane, Msumbiji ya leo, wengi wao waliugua. Miguu na mikono ilivimba. Ufizi ulivimba ukafunika meno, wasiweze kutafuna. Waswahili huuita ugonjwa huo kiseyeye.

Tarehe 7 mwezi wa nne wakafika Mombasa. Kati yao na watu wa mji hapakuwa na imani. Kila upande ulimshuku mwenzake, na mambo karibu yaharibike kabisa. Lakini mtawala wa Mombasa aliwatumia kondoo, na pamoja naye machungwa mengi, malimau na miwa. Mmoja wa watu wa meli hizo alikuwa akiandika habari za safari siku kwa siku, na maandishi yake yapo hadi leo. Aliandika kwamba wagonjwa wao wote walipona pale. Na sababu? Alimshukuru Mungu, na akaisifu hewa nzuri ya Mombasa.

Hewa! Machungwa yako mkononi, maganda yako chini, na shukrani inapewa hewa.

Waliporudi kutoka India mambo yalikuwa mabaya zaidi. Upepo uliwagomea, na kuvuka bahari kuliwachukua karibu miezi mitatu, kuanzia mwezi wa kumi 1498 hadi mwanzo wa Januari 1499. Watu kama 30 walikufa. Katika kila meli walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kamba. Tarehe 7 Januari walifika Malindi, na safari hii nahodha hakungoja kupewa: alituma mtu pwani kuomba machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Kwa baadhi yao dawa ilichelewa. Watu waliobaki hawakutosha tena kuendesha meli zote, kwa hiyo meli moja, São Rafael, wakaiteketeza kwa moto wao wenyewe.

Shuleni tulifundishwa mizinga ya Wareno. Hatukufundishwa kwamba meno yao yalishikiliwa na machungwa ya Mombasa na Malindi.

Kwa nini chungwa linaponya ufizi? Mbuzi, mbwa na ng'ombe hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Mwanadamu hawezi, lazima aile. Mwili huitumia kutengeneza nyuzi zinazoshikilia nyama, ngozi na mishipa pamoja, kama kamba zinazoshika miti ya nyumba kabla ya kutiwa udongo. Kamba zikioza, nyumba haianguki siku hiyohiyo. Baada ya miezi miwili mitatu ndipo ufizi unatoa damu, kidonda cha zamani kinafunguka, magoti yanauma.

Mambo yaliyofuata Ulaya nitayapitia haraka. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, akawapa kila wawili dawa tofauti. Waliopewa machungwa na malimau walipona mbele ya wengine wote. Jeshi la maji la Uingereza lilisubiri hadi 1795 ndipo likaamuru mabaharia wapewe maji ya malimau. Miaka ya 1930, Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata vitamini yenyewe kwa wingi kutoka pilipili za mji wake wa Szeged, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1933 Tadeusz Reichstein, huko Zurich, Uswisi, alipata njia ya kuitengeneza kutoka sukari ya glukosi, na mwaka 1934 kampuni ya Roche ikaanza kuiuza kwa jina la Redoxon.

Angalia basi: kopo lina picha ya chungwa, lakini ndani hakuna chungwa. Vitamini ni ileile, hilo ni kweli, wala si udanganyifu. Lakini nyama ya tunda, maji yake na nyuzinyuzi zake zimebaki nje. Tutalirudia jambo hili.

Mtu aliyekitoa kidonge kwa mgonjwa wa kiseyeye na kukiweka mezani kwa mtu mwenye afya ni Mmarekani Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kinachosema kwamba dozi kubwa ya vitamini C huzuia mafua. Majaribio mengi yalifanywa baadaye, na jibu lake lilikuwa dogo: kwa watu wa kawaida vidonge havizuii mafua, ila wanaovinywa kila siku hupona mapema kidogo. Lakini neno la mtu mkubwa likishatoka halirudi. Tangu hapo vitamini C imekuwa dawa ya kila kitu: uchovu, ngozi, nguvu za kiume, na sasa tumbo na unene.

Wakati huohuo, wale waliohitaji vitamini C kweli hawakuwa nayo. Nawaomba mlio kambini msikilize hapa.

Mwaka 1982, na tena 1985, kiseyeye kililipuka katika makambi ya wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa Somalia. Mwaka 1984 na 1985 kilionekana mashariki ya Sudan. Mwaka 1989 kilionekana Hartisheik, mashariki ya Ethiopia, na safari hii wagonjwa walikuwa Wasomali waliokimbia vita kwao. Ugonjwa wa mabaharia wa karne ya 15, juu ya nchi kavu, mbele ya macho ya mashirika makubwa ya dunia, katika karne ya 20. Katika baadhi ya makambi yaliyopimwa, zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi alikuwa nao.

Sababu ilikuwa ndani ya mgao. Nafaka, maharagwe, mafuta, sukari: kilo zimehesabiwa, nguvu ya chakula imehesabiwa, lakini ndani ya gunia hamkuwa na kitu kibichi hata kimoja. Wengi wao walikuwa wafugaji ambao kwao vitamini C ilitoka kwenye maziwa ya ngamia, na ngamia walibaki nyuma au walikufa. Madaktari walioandika habari zile waligundua kwamba kadiri mtu alivyokaa kambini muda mrefu ndivyo hatari yake ilivyozidi, na kwamba wanawake na wazee waliugua zaidi. Kambi yenyewe ilikuwa ugonjwa.

Kuna jambo lingine lililojifunzwa pale ambalo ningependa wagawaji wa msaada wa leo wasilisahau. Mkimbizi akionekana akiuza sehemu ya unga wake, watu husema: tazama, hana njaa. Lakini mara nyingi aliyeuza unga alikuwa akinunua nyanya, vitunguu na majani. Biashara ile ndogo iliyolaumiwa ilikuwa inazuia ufizi wake usioze. Baadaye wataalamu wenyewe walipendekeza masoko yaruhusiwe, bustani zilimwe, na unga wa mgao uongezewe vitamini.

Sasa turudi kwa mama yetu, maana yeye hana kiseyeye. Ana mwili mzito na choo kigumu. Na habari ya mwili mzito na choo kigumu ina historia yake katika ukanda wetu huu.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya, na baadaye akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Kazi yake kubwa ilikuwa unyafuzi, ule ugonjwa wa watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili, wanaovimba na nywele kubadilika rangi. Lakini alikuwa na tabia moja nzuri: aliandika hata magonjwa asiyoyaona. Miaka ilipita bila kumwona Mwafrika mwenye mshtuko wa moyo. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha habari za mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo, na mgonjwa huyo alikuwa nani? Jaji mnene, aliyekula kwa miaka mingi chakula cha namna ya kizungu. Mwaka 1960 Trowell alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Alipotembelea tena Afrika ya Mashariki mwaka 1970, alishangaa kuwaona mijini watu wanene wengi na kliniki za kisukari zimejaa. Watu walikuwa ni walewale wa nchi ileile. Miaka 40 tu ilikuwa imepita.

Mwenzake alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja. La pili lilipotea utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha Mulago. Dunia inamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto, saratani iliyopewa jina lake. Mwaka 1961, ili kujua saratani hiyo iko wapi na haiko wapi, alinunua gari kuukuu na kuzunguka hospitali za Afrika kwa majuma kama kumi, karibu kilomita 16,000. Mmoja wa wenzake wawili ndani ya gari alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua.

Kuluva! Watu wetu wa Aru na Mahagi wanaijua. Hospitali ya misheni, ya Africa Inland Mission, ileile iliyokuwa Oicha wakati wa daktari Carl Becker. Williams aliandika habari za kila mgonjwa wa saratani kwa uangalifu mkubwa: kijiji, umri, tarehe. Daftari la hospitali ya kijijini liliwapa wanasayansi wa dunia jambo ambalo maabara kubwa hazikuwa nalo.

Burkitt alijifunza kutoka safari ile kwamba swali rahisi, likiulizwa katika hospitali nyingi, linazidi mashine. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea kuziandikia hospitali za misheni Afrika nzima, zaidi ya mia moja: je, mnaona kidole tumbo? Bawasiri? Saratani ya utumbo mpana? Majibu yalikuwa: mara chache sana. Uingereza zilikuwa zimejaa wodini.

Ndipo akaamua kupima kitu ambacho wazee wetu hawapendi kitajwe hewani, mnisamehe. Alipima choo. Watu walimezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikakusanywa, kikapimwa uzito, na muda wa safari ya chakula tumboni ukahesabiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda, choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470, na chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, gramu kama 104, na saa zaidi ya 80. Yaani zaidi ya siku tatu chakula kimo njiani.

Tofauti aliiona katika nyuzinyuzi: zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha, zilizomo kwenye maharagwe, majani, viazi, ndizi, mahindi yasiyokobolewa. Mzungu alikuwa amezitoa ili mkate uwe mweupe. Yeye na Trowell walitumia maisha yao yaliyobaki kuwahubiria watu wa nchi tajiri wale kama wanakijiji wa Uganda.

Burkitt hakuwa sahihi kwa kila jambo. Alitaka nyuzinyuzi zibebe karibu magonjwa yote ya matajiri, na mzigo huo ni mkubwa mno. Hakuweza kuwahesabu watu waliofia nyumbani bila kufika hospitali, na saratani ya utumbo ni ugonjwa wa umri mkubwa, wakati wengi hawakuufikia. Lakini jambo la msingi limesimama. Leo tunajua zaidi kwa nini: ndani ya utumbo mpana wanaishi vijidudu vingi mno visivyo adui, na chakula chao ni hizo nyuzinyuzi. Vikizila, hutoa asidi laini zinazolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Visipopewa kitu, ngozi hiyo hudhoofika.

Kwa hiyo tunao uzi mmoja sasa. Mama ametoka shambani, ambako alikula mihogo, maharagwe, makemba, lenga-lenga, na mapera aliyoyaokota njiani akirudi. Shambani alienda kwa miguu na kurudi na kuni kichwani. Kambini, anapata unga, mafuta na chumvi, na siku yenye pesa kidogo ananunua kile kinachoshibisha watoto haraka kwa bei ndogo: mchele mweupe, mandazi, chai ya sukari nyingi. Shamba liko mbali na njia si salama, kwa hiyo anakaa. Mwili unapata mafuta na sukari. Tumbo halipati nyuzi. Damu haipati vitamini. Unene na upungufu vinalala kitanda kimoja. Wanaomcheka kambini wanadhani mwili mkubwa ni ushahidi wa kula vizuri. Ni kinyume chake: mwili ule unaonyesha alichokosa.

Na vitamini C yenyewe, inahusikaje na mtu mnene? Hapa wauzaji wameokota kipande cha ukweli wakakishona vibaya.

Kipande cha ukweli ni hiki. Watu wanene hupatikana na vitamini C kidogo katika damu, hata wakila kiasi sawa na mtu mwembamba. Mwili mkubwa unaigawanya mahali pengi, na mafuta mengi huleta uvimbe wa ndani, usioonekana kwa macho, unaoimaliza haraka. Wapo watafiti wa Marekani wanaoona kwamba tumbo la mtu huyo nalo huruhusu vipande vya vijidudu kupenya na kuingia katika damu, na vitamini C inatumika kupambana na madhara yake. Pia majaribio madogo, ya watu wachache wenye afya waliopewa dozi kubwa kwa majuma mawili, yalionyesha kwamba baadhi ya aina za vijidudu vya tumboni ziliongezeka na nyingine zikapungua. Hayo yote yanafaa kuchunguzwa. Lakini hayakuwa majaribio ya kupunguza uzito, na hakuna aliyeonyesha kwamba kidonge hiki kinakata mafuta.

Na kile “kusafisha matumbo”? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku nikisoma. Mtu mzima anahitaji vitamini C kama miligramu 45 kwa siku, kwa hesabu ya WHO na FAO. Miligramu 10 tu zinatosha kuzuia kiseyeye. Kidonge kimoja cha povu mara nyingi kina 1,000. Milango ya utumbo inayoipokea ni michache. Dozi ikizidi hapo, isiyofika nusu ndiyo inayoingia mwilini. Inayobaki inashuka utumboni ikivuta maji, na mtu anaharisha. Huo ndio usafi alioahidiwa mama. Vitamini aliyoilipia inapita moja kwa moja hadi chooni, na yeye anaambiwa: umeona, uchafu unatoka!

Mwenye mawe ya figo, au ambaye figo zake zina shida, awe mwangalifu zaidi, kwa sababu ziada ya vitamini hii mwilini hugeuka kuwa chumvi inayojenga mawe hayo. Na kwa mtu mzima yeyote, wataalamu wanasema asivuke miligramu 2,000 kwa siku bila muganga.

Mwaka 2022 watafiti walikadiria mtu mzito anahitaji nyongeza kiasi gani: kwa kila kilo 10 za ziada, aongeze miligramu 10 kwa siku. Nilichukua hesabu hiyo nikaenda nayo sokoni. Pera lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100. Yaani nyongeza ya mtu aliyezidi kilo 20 ni kama kumega pera mara moja. Papai lina kama 60, chungwa kama 50. Na pera, ukilila na ganda na mbegu zake, lina zile nyuzi za Burkitt ndani yake, kidonge hakina.

Sombe ina habari yake. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana vitamini C nyingi, lakini tunayatwanga na kuyachemsha muda mrefu, na moto huimaliza karibu yote. Msije mkapunguza kuchemsha kwa sababu yangu! Sumu ya muhogo lazima itoke. Sombe iacheni iwe sombe, kwa ajili ya nyuzi na mengine yaliyomo. Vitamini C itafuteni kwenye tunda bichi baada ya chakula. Tena ikiliwa pamoja na maharagwe au lenga-lenga, vitamini hiyo husaidia mwili kushika madini ya chuma, jambo ambalo mama wajawazito wanalihitaji kuliko sisi wote. Na asiye na tunda, maharagwe yakilowekwa yakaachwa siku mbili tatu yakaota mimea midogo, huzaa vitamini C ambayo haikuwemo yalipokuwa makavu. Yapikwe, lakini yasichemshwe kupita kiasi.

Nyankunde yetu ina nafasi yake katika historia hii, ingawa si ya kujivunia yote. Becker, baada ya uasi wa 1964 kumtoa Oicha, alikuja kuanzisha hapa kituo kikubwa cha tiba katikati ya miaka ya 1960, misheni kadhaa zikishirikiana. Helen Roseveare, daktari Mwingereza, alifundisha wauguzi hapa hadi 1973. Mafunzo yalikwenda pamoja na afya ya vijijini, maana waganga waliona kwamba kutibu bila kuangalia chungu cha nyumbani ni kuchota maji kwa kapu. Kisha ikaja tarehe 5 mwezi wa tisa 2002. Wagonjwa waliuawa vitandani. Waliookoka walitembea siku nyingi msituni hadi Oicha. Sitaeleza zaidi, wengi wenu mlikuwa katika msafara ule, au ni watoto wa waliokuwemo.

Nataja siku ile kwa sababu moja. Tunapohesabu kilichopotea tunahesabu watu kwanza, kisha nyumba, mifugo, mabati, dawa. Miti ya matunda haihesabiwi. Mpera haubebeki kichwani. Na kila aliyekimbia mara ya pili na ya tatu, baada ya 2002, ameacha tena mti alioupanda aliporudi.

Yule mama kiwanja chake alikikuta kimefunikwa na majani marefu kuliko mtu. Nyumba haipo. Lakini nyuma ya ilipokuwa jiko, mpera ulikuwa umesimama, na wengine waliokuwa wakipita walikuwa wakila. Alichuma yaliyokuwa yameiva, akayafunga kwenye kitenge, akarudi Bunia na gari la mchana. Kopo la vidonge nalo lilikuwa mkobani, kwa sababu, alisema, pesa imekwisha kutoka. Nilimshauri anywe nusu ya kidonge, si kila siku, na kituo cha afya asikiache. Kabla gari halijaondoka alinisisitiza kwa dirisha niwaulize waganga swali lingine kwa niaba yake: mbegu za pera, ukizipanda kambini kwenye ndoo iliyotoboka, zinachukua miaka mingapi kuzaa?

Nimeuliza. Ukipanda mbegu, ni miaka kadhaa. Tawi lililooteshwa mizizi huzaa mapema zaidi. Safari ijayo nitampelekea tawi.